Kitabu Kilisomwa Lango la Maji

Neno: Nehemia 8:1-12



Ukisoma sura hii, angalia kwanza mahali. Ezra hakusomea hekaluni. Watu walikusanyika uwanjani, mbele ya Lango la Maji, wakaomba wenyewe kitabu kiletwe. Wanaume, wanawake, na kila aliyeweza kusikia na kuelewa. Tangu alfajiri mpaka adhuhuri! Siku hizi sisi wahubiri tunasoma mistari miwili, halafu ni kelele saa nzima. Hata mimi nimo. Pale Walawi waliwafafanulia watu mpaka neno likaeleweka.

Sasa sisi wa Garsen lango la maji tunalijua. Ni malka, pale ng'ombe wanaposhukia mto Tana wakipita kando ya mashamba. Ugomvi mwingi umeanzia hapo. Tarehe 22 Agosti 2012, watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa, wengi wao kina mama na watoto. Septemba ikaja Kilelengwani. Nisema ukweli: siku zile nilifunga na kuomba, lakini niliombea "watu wetu" tu. Wa upande wa pili sikuwataja hata mara moja. Mchungaji mzima!

Na torati, Kumbukumbu 31:12, iliagiza wakusanywe kusikia wanaume, wanawake, watoto, na mgeni aliye malangoni. Haya, hapa kwetu mgeni ni nani? Mpokomo atakuonyesha Muorma. Muorma naye atakuonyesha Mpokomo.

Yerusalemu ukuta ulikuwa umekwisha, siku 52 tu. Lakini kabla haujaisha, matajiri walikuwa wamechukua mashamba ya ndugu zao, someni sura ya 5. Ndiyo maana kitabu kiliposomwa watu walilia. Nehemia, Ezra na Walawi wakawaambia: acheni kilio, nendeni mkale, na asiyeandaliwa kitu mpelekeeni sehemu yake. Hawakuambiwa waulize kwanza ni wa ukoo gani.

Jumapili ijayo tutasoma sura yote ya 8 nje, chini ya mwembe, kwa Kiswahili na Kipokomo, tukiwa tumesimama. Kila nyumba ilete kibaba cha mchele. Nusu itabaki kwa wajane wetu, nusu itavuka malka kwa wajane wa kule. Najua wengine mtanung'unika. Njooni tuongee, lakini mchele mje nao.