Utulivu wa Chuma

Mwaka 1836 Christian Friedrich Schönbein wa Basel alimwandikia Michael Faraday juu ya ajabu hii: asidi ya nitriki iliyozimuliwa hula chuma kwa ghadhabu, lakini iliyo kali haikili. Faraday alidhani uso wake umeshikwa na oksijeni. Chuma hicho kikitiwa kisha katika asidi iliyozimuliwa hukaa salama, mpaka kikwaruzwe. Tena iko hali ya kati ambamo hutulia na kuliwa kwa zamu.

Je, mtu azuiliwaye na haya tu ni mwema? Wako wakanao: wema ni wa moyo, si wa ngozi. Lakini utando ule hakikuazimwa chuma. Kiliuzaa chenyewe kilipokutana na ukali. Haya iliyozaliwa na majaribu ni wema wa mtu mwenyewe, ila haimpi ruhusa ya kujisahau.