Kuacha Kuchafua Hakutoshi

Je, mtu akiisha kuacha kumdhuru jirani yake, deni lake limekwisha? Wengi hujibu: "Yaliyopita yamepita." Sisi twaona jibu hilo ni jepesi mno.

Huko Sanje, katika bonde la Kilombero, maji hushuka kutoka milima ya Udzungwa yakiwa safi. Lakini wakati wa kiangazi, miwa ichomwapo kabla ya kukatwa na mashamba yasafishwapo kwa moto, masizi hutua juu ya mapaa na nguo zilizoanikwa. Arushaye moshi hewani hajautupa. Ameuweka tu, na mvua itaurudisha. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi iingiayo Ziwa Viktoria hutoka hewani. Fosforasi hiyo hulisha mwani, na mwani ukioza hula hewa ya samaki.

Tutazame Sudbury, nchini Kanada. Moshi wa salfa wa viwanda vya nikeli na shaba ulitia maziwa tindikali hata samaki wakafa. Mwaka 1972 ikajengwa dohani ya kimo cha mita 381. Mji ukapata nafuu, lakini moshi ukapelekwa kwa majirani wa mbali wasioulizwa. Je, huko ndiko kuacha?

Baadaye moshi wenyewe ulipunguzwa sana. Tindikali ikashuka katika maziwa mengi, na samaki wakarudi katika baadhi yake. Mengine yamekawia, kwa kuwa mvua kali ilikuwa imekwisha kuosha chokaa ya udongo, nayo chokaa ndiyo izimayo tindikali. Kwa hiyo, tangu 1978, watu wa Sudbury walimwaga chokaa juu ya ardhi na kupanda miti.

Kumbe kuacha ni wajibu wa kwanza, wala si wa mwisho. Aliyekula akiba ya jirani hana budi kuirudisha, hata kama amekwisha kufunga mdomo. Mtu aweza kusema: "Waliochafua ni wazee wetu, mbona tulipe sisi?" Twajibu: mashamba na faida zao tumevirithi kwa furaha, deni nalo limo katika urithi huo.

Basi kila baba na mama, kabla ya kuwasha moto shambani, ajiulize moshi utakwenda wapi, na ni nani atakayeyanywa maji yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mara nyingi watakaoujenga ni watoto wetu.