Ni nani humfanya mtu kuwa mpya?

Mtu akisema, "Nimekuwa mtu mpya," ni nani aliyemfanya hivyo? Ni yeye mwenyewe, au wale waliomlea?

Tumtazame Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu. Angali mtoto aliibwa na Watuareg, akauzwa kama mbuzi. Mapadri Weupe wakamkomboa huko Algeria, kisha wakampeleka Malta kusoma uganga. Mwaka 1889 akafika Karema, ng'ambo ya Ziwa letu la Tanganyika, mkatekista na mganga.

Basi wengine watasema: Atiman alifanywa, hakujifanya. Kweli hakuchagua kuibwa, wala kukombolewa. Hata shule walimchagulia wengine. Lakini kuamka usiku kwa ajili ya mgonjwa, kuosha vidonda vinavyonuka, kufundisha sala kwa lugha asiyoinyonya kwa mama yake, hayo mtu hayafanyi kwa amri tu kwa miaka 67. Alidumu pale Karema mpaka kufa kwake, mwaka 1956. Neema ya Mungu ilimtangulia, naye akaiitikia kila asubuhi.

Tena hakutupa ya zamani. Alibatizwa Adrien, lakini Atiman, jina la kwao, alikaa nalo mpaka kaburini. Upya si kufuta.

Sisi wakatekista tukihamishwa kituo hunung'unika. Nasi tunaoandika haya tumo: mara ya mwisho tulinung'unika mwezi mzima, kwa sababu ya shamba la mihogo.