JIRANI ANAPIKIA NINI?



Tumche Allah (s.w.) katika haki ya jirani. Suratul Maun inawataja pamoja wanaoswali ili waonekane na wanaowanyima watu msaada mdogo wa vyombo vya nyumbani. Mbele ya Allah, chungu cha jirani si jambo dogo.

Hapa Rumangabo tunaishi mlangoni mwa Virunga. Mwaka 2007 gorila waliuawa katika mbuga hiyo, na biashara ya makala ikatajwa. Umeme wa Matebe ulianza mwaka 2015, lakini nyumba nyingi bado zinapikia makala au kuni za mafiga matatu. Kwenye mafiga upepo unaubeba moto pembeni, kuni zinaisha upesi, mama anarudi msituni. Wanawake wangapi wameharibiwa huko na wenye silaha? Sote tunajua, nasi tunanyamaza.

Udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majani makavu, ukijengwa kuzunguka chungu, unauzuia moto usitoroke. Mlango wa kuni uwe mdogo. Ukauke vizuri kabla ya kuwashwa, la sivyo utapasuka. Maharagi yalowekwe usiku, na chungu kifunikwe (mfuniko wengi tunao, tunausahau tu).

Vijana, kesho baada ya Alasiri ni salongo. Tutaanza kwa wajane na wazee, Waislamu na Wakristo, bila kupokea hata chai. Kila mmoja aje na jembe au ndoo.