Je, Kitabu Chaweza Kuwa Shahidi?

Shahidi akisimama mbele ya hakimu huapa, huulizwa, na akisema uwongo huadhibiwa. Kitabu hakiapi, hakiulizwi, wala hakiadhibiwi. Je, yafaa haki ya mtu itolewe au iondolewe kwa maneno ya kitabu? Swali hili lastahili kutazamwa, kwani katika mahakama za Kitale na Bungoma, kama kwingineko Kenya, yapo mashauri ya mashamba, mirathi na ndoa yanayosimama juu ya mila, na mila hiyo hutafutwa pia vitabuni.

Tuanze na sheria ilivyo. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1963, katika kifungu cha 63, yataka shahidi aje mwenyewe aseme aliyoyaona na aliyoyasikia. Lakini papo hapo yaruhusu rai ya mtaalamu iliyomo katika kitabu kinachouzwa kwa watu ipokewe, ikiwa mwandishi amekufa, au haonekani, au hawezi tena kusema, au kumleta kuna gharama na kukawia kusiko na kiasi. Na katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1965, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba anayedai mila ni juu yake kuithibitisha. Kitabu chaweza kutazamwa, lakini njia ya kawaida ni mashahidi waijuao.

Natupige mfano. Mjane wa Bungoma afiwa na mumewe. Shemeji zake wadai kwamba kwa mila ya Kibukusu shamba si lake. Wakili aleta kitabu cha Günter Wagner, aliyewachunguza Wabukusu na Walogoli katika miaka ya 1930 na kitabu chake kuanza kuchapishwa mwaka 1949. Au kile cha Eugene Cotran juu ya urithi, cha mwaka 1969, kilichokusanywa kwa kuwauliza wazee. Wagner ni marehemu. Ni nani atakayemwuliza: Wazee hao walikuwa nani? Wanawake nao waliulizwa? Na watu wameendelea kuishi hivyo hata leo?

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuvitupa vitabu. Mzee aletwaye mahakamani huletwa na mmoja wa wagomvi, naye aweza kuwa jamaa yake au mdeni wake. Kitabu kiliandikwa kabla ya ugomvi kuzuka, wala hakikujua nani atafaidika nacho. Hii ni fadhila kubwa. Lakini humo humo ndimo mna upungufu wake, kwani asiyeujua ugomvi hakuusemea, na pengine jambo lenyewe hakuulizwa kamwe.

Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akasema: Haya ya bara yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Kitabu cha Imam Nawawi, Minhaj, kilisomwa na majaji wa Kiingereza wa Afrika Mashariki kwa tafsiri ya E. C. Howard ya mwaka 1914. Nayo haikutoka katika Kiarabu, ilitoka katika tafsiri ya Kifaransa ya Van den Berg. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950, kesi ya wakfu wa jamaa kutoka Kenya ilipofika kwenye baraza la rufani mjini London, wakfu ulibatilishwa kwa kufuata hukumu ya Bara Hindi ya mwaka 1894, ingawa wanavyuoni wa Kishafii wanauhesabu wakfu wa namna hiyo kuwa sahihi. Basi tuliyoyaonja sisi tusiyaridhie kwa mjane wa Bungoma.

Wanavyuoni wetu walilijua jambo hili zamani. Katika elimu ya hadithi, aliyekiokota kitabu tu hakuwa sawa na aliyekisoma kwa mwenyewe. Na barua ya kadhi kwa kadhi mwenzake, kwa wengi wao, haikukubaliwa ila kwa mashahidi wawili. Hawakufanya hivyo kwa kuudharau wino. Walitaka nyuma ya kila andiko awepo mtu wa kuulizwa.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: kitabu na kipokewe, lakini kiulizwe kama shahidi. Mwandishi alipokea kwa nani, mwaka gani, na kwa lugha gani? Pande zote mbili zipewe kukisoma na kukijibu, na waletwe watu walio hai waseme kama mila hiyo ingalipo. Kisha mila yenyewe ipimwe, kwani Katiba ya mwaka 2010 yaibatilisha kila mila iliyo kinyume nayo.

Na hakimu akumbuke kwamba aliyeandika hakuhukumu. Shamba likichukuliwa kwa dhuluma, hataweza kumwambia Mola wake kwamba aliyelichukua ni kitabu. Kalamu iliyotia sahihi hukumu ni yake.