Maji Yaliyo Mema kwa Macho

(2 Wafalme 2:19–22)



Habari ya Elisha na maji ya Yeriko ni fupi. Watu wa mji walimwendea nabii, wakamweleza kwamba mji wao umekaa vema, ila maji yake yana madhara. Naye akataka chombo kipya na chumvi, akatoka mpaka kwenye chemchemi yenyewe, akaitia chumvi humo kwa neno la Bwana, maji yakaponywa. Twapenda kuitafakari habari hii pamoja na sharika zilizo chini ya Mlima Meru na pande za Kilimanjaro. Maana nchi hii nayo inapendeza kuitazama: migomba na kahawa, na mito ishukayo milimani. Walakini ndani ya maji yake mengi limo jambo lisiloonekana kwa macho.

Jambo hilo ni madini yaitwayo floraidi. Milima yetu ilitokana na moto wa chini ya ardhi, na maji yapitapo katika mawe na majivu yake ya kale huyachukua madini hayo. Yakiwa kidogo hayadhuru, tena huyapa meno nguvu, yakizidi huharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, na visima na mito mingi ya huku huupita mpaka huo, mingine mara nyingi. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu kwa muda miligramu 8 katika maji ya vijijini. Si kwamba kiasi hicho kilikuwa salama, bali watu wengi hawakuwa na maji mengine. Baadaye mpaka ukateremshwa, na sasa ni 1.5 pia.

Anayedhurika kwanza ni mtoto. Tangu kuzaliwa hata apate miaka kama 8, meno yake ya kudumu huumbika ndani ya taya. Akinywa maji haya siku zote, meno hutoka yakiwa na madoa meupe au ya kahawia, na pengine humeguka. Floraidi ikiwa nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika: viungo hukakamaa, na miguu ya watoto hupinda. Basi na tujifunze mambo matatu kwa watu wa Yeriko na kwa nabii wao.

Kwanza, watu wale walisema kweli juu ya maji yao. Uzuri wa mji haukuwafumba vinywa. Sisi nasi tusidanganywe na dalili. Maji yenye floraidi huweza kuwa meupe kabisa, hayana harufu wala ladha. Mtu asiseme, Twayachemsha. Kuchemsha ni kwema, maana huua vijidudu vya maradhi. Lakini floraidi haiondoki na mvuke, na maji yakipungua chunguni, yabakiayo huwa nayo zaidi. Wala mtu asiseme, Sabuni yatoa povu. Maji magumu, yale yanayokula sabuni na kuacha utando mweupe katika birika, yana chokaa ndani yake, nayo ni habari nyingine. Maji mengi ya Meru ni laipi kwa chokaa, hutoa povu zuri, na floraidi imo. Tena chemchemi mbili za mteremko mmoja huweza kutofautiana sana. Dawa ya kutojua ni kupima. Wazee wa usharika na wapeleke ombi kwa wenye kazi ya maji wilayani, kila kisima kipimwe, na jibu lisomwe mbele ya watu wote.

Pili, Elisha hakuwauliza watu wa Yeriko ni nani aliyetenda dhambi hata maji yakaharibika. Wanafunzi wa Bwana wetu waliuliza hivyo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, naye Bwana akaikataa hukumu yao (Yohana 9). Je, kwetu sivyo ilivyo? Binti mwenye meno ya kahawia huambiwa ni mchafu, hapigi mswaki. Katika kwaya huimba ameziba kinywa kwa mkono. Hata akiyasugua kwa mchanga mpaka ufizi utoke damu, doa halitoki, maana liliingia jino lilipokuwa likiumbwa. Amechekwa kwa ajili ya kikombe alichopewa kabla hajaweza kusema hapana. Ninyi walimu wa Kipaimara, mnaifundisha Amri ya Nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Kumwita mtoto huyu mchafu ni ushuhuda wa uongo. Na kicheko hicho kikisikiwa darasani, kisipite bila kukemewa.

Tatu, Elisha alikwenda mpaka chemchemi. Hakuridhika kuwafariji wanywaji. Ila mtu asitupe chumvi kisimani mwake akingoja ajabu. Maji yale yaliponywa na neno la Mungu, si kwa nguvu ya chumvi. Kwetu Mungu ametupa mikono na maarifa. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa vizuri kwa moto mkali, ikasagwa chengachenga na kutiwa katika chombo, maji yapitayo humo huacha floraidi yao. Pale Ngurdoto kipo kituo cha serikali cha kazi hii. Mifupa isiyochomwa sawasawa hutia maji harufu, na chengachenga zikishiba hazina budi kubadilishwa. Kwa hiyo kazi hii yataka mtu mwaminifu wa kuiangalia. Akina mama nao na waangalie magadi wanayotia katika maharage na makande, kwa kuwa mengi yana floraidi nyingi, hata penye maji mema.

Lakini lililo karibu zaidi ni mvua, ambayo karibu haina floraidi. Paa la kanisa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake, laweza kutoa karibu lita 2,000. Mifereji ikiwekwa na tangi likajengwa, maji ya kwanza ya kusafisha paa yakaachwa yamwagike, yanayofuata yawe ya kunywa na kupikia. Nayo yahifadhiwe safi, yagawiwe kwanza nyumba zenye watoto wadogo. Maji ya mtoni na yabaki kuwa ya kufua na kuoga.

Ndugu, twamleta mtoto mchanga kwenye maji ya Ubatizo, na usharika wote wasikia akikabidhiwa kwetu. Je, yatupasa kumwachia mfereji wenye madhara wiki ifuatayo, huku mvua ya Mungu ikitiririka bure toka paa la nyumba yake? Amri ya Tano haituzuii kuua tu. Inatuagiza kumsaidia jirani katika haja za mwili wake. Na tuombapo mkate wa kila siku, twaomba maji pia.

Bwana wetu Yesu Kristo, aliyemwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa, ajua kiu ya mwili. Atupe macho ya kuona kisichoonekana, ulimi usioaibisha mdogo, na mikono ya kwenda mpaka chemchemi. Amina.