Udongo Mpya Juu ya Tembe

Wilayani Bahi, magharibi ya jiji la Dodoma kwenye barabara iendayo Singida, bado zipo tembe za Wagogo: nyumba fupi kwa kimo, ndefu kwa umbo, zenye paa bapa la udongo. Nguzo zenye panda hubeba boriti, boriti hubeba fito, juu ya fito hutandazwa majani, kisha udongo. Masika yakikaribia, mwenye nyumba hupanda paani kujaza palipochimbwa na maji ya mwaka uliopita. Nguzo iliyoliwa na mchwa hung'olewa, nyingine ikasimikwa. Miaka ikienda, huenda usibaki hata mti mmoja wa siku ile ya kwanza. Wajukuu wataendelea kuiita tembe ya babu, na hakuna atakayewabishia.

Wagiriki wa kale walilijadili jambo hili kwa mfano wa merikebu ya Theseus: mbao zote zikibadilishwa, je, merikebu ni ileile? Wagogo wamelijibu kwa jembe na karai. Huko Djenné, nchini Mali, nako wamelijibu. Msikiti mkuu wa udongo, uliojengwa upya mwaka 1907, hukandikwa kila mwaka na watu wa mji mzima, na mwenye kuswali ndani yake hajihisi yumo katika msikiti mwingine.

Swali huwa gumu pale yanapobadilika matumizi, wala si udongo peke yake. Mfano wake uko Dodoma mjini, mwendo wa saa moja hivi kutoka Bahi. Katika eneo la Kikuyu, wamisionari wa Kiprotestanti walikuwa na shule ya sekondari iliyoitwa Alliance. Baadaye ikawa shule ya serikali, ikapewa jina la Mazengo, mtemi mashuhuri wa Wagogo wa Mvumi. Kisha serikali ikalikabidhi eneo hilo kwa Kanisa Anglikana, na mwaka 2007 Chuo Kikuu cha St John's kikafungua milango palepale. Ardhi ni moja na majina ni matatu. Kaulimbiu ya chuo ni kujifunza ili kutumikia.

Basi mwenye kuta hizo ni nani? Mwanasheria atafungua hati, na hati itamjibu upesi. Lakini Kiswahili kina neno linalokwenda mbali kuliko hati, nalo ni amana. Mali unaweza kuifanyia upendavyo. Amana hufanyiwa yale ambayo aliyeiweka angeyaridhia, na asipokuwapo wa kuulizwa, mzigo wa kukisia unamwelemea aliyeipokea.

Wanazuoni wa dini wamelifikiria hili kwa uzito mkubwa. Katika Uislamu, jengo lililowekwa wakfu halirudi tena kuwa mali ya mtu. Madhehebu ya Hanbali huruhusu libadilishwe kwa jingine manufaa yake yakikatika, huku Washafii, walio wengi katika pwani yetu, wakisita sana. Upande wa Kanisa Katoliki, kanuni ya 1222 ya sheria zake inamruhusu askofu kuliachia kanisa lisilofaa tena kwa ibada litumike kwa shughuli za kawaida, ilimradi zisiwe za aibu. Darasa si msikiti, na bweni si altare. Hata hivyo hoja iliyomo humo inavuka mipaka ya dini: nia iliyojenga haiishi siku jengo linapobadili kazi, na anayebadilisha anawajibika kwayo.

Ukiipima nchi kwa kipimo hicho, mengi yanaonekana upya. Morogoro, majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO yalikabidhiwa Waislamu, na mwaka 2005 kikaanza Chuo Kikuu cha Waislamu. Pale palipofundishwa kazi ya umeme pakaendelea kufundishwa. Nia ilipata mrithi. Ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, ulisafiri mbali zaidi. Ndani ya ukumbi huo mwaka 1995 wajumbe wa CCM walimteua Benjamin Mkapa kugombea urais, na miaka 12 baadaye Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzia maisha hapo. Mahali palipokuwa pa kupiga kura na makofi pakawa pa kuuliza maswali. Hayo ni matumizi yenye heshima kuliko ya awali, na inafaa kulisema hilo bila woga.

Kampala wao walikuwa na mtihani wa namna nyingine. Jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, la mwaka 1941, liliungua Septemba 2020. Walijenga tena kwa sura ileile ya nje, likafunguliwa mwaka 2024. Wangeweza kusimamisha mnara wa vioo. Wakachagua mhitimu wa zamani akilitazama alitambue, na huo ni uaminifu unaogharimu fedha.

Dodoma ina sababu ya ziada ya kuzichunga kuta za zamani. Ni nchi kame, jua kali, vumbi jingi. Kuta nene, madirisha ya juu na baraza pana hupoza chumba bila umeme, ilhali kioo huomba kiyoyozi mchana kutwa. Bweni likigeuzwa chumba cha kompyuta, nyaya zinaweza kupita bila kubomoa baraza ambako wanafunzi huketi wakibishana.

Ila kuna jambo ambalo hata baraza nzuri haiwezi kulificha. Mazengo ilipokuwa shule ya serikali, mtoto wa mkulima wa mpunga wa Bahi aliyefaulu mtihani angeweza kuingia pale. Chuo kikuu cha binafsi hudai ada. Mtoto huyo hakuwamo kwenye meza ya makabidhiano, na nia ya waliojenga, wa kanisani na wa serikalini, ilimhusu yeye hasa. Ikiwa kuta zile ni amana, basi katika bajeti ya ukarabati, kando ya bati, rangi na intaneti, unatakiwa mstari mmoja wa ada ya kijana anayeshuka basi la kutoka Bahi akiwa na sanduku la bati na barua ya kukubaliwa chuoni.